Sweta la Kaka Yake

"Ni yeye, amerudi!" Mama mkwe alinionyesha alama nyeusi nyuma ya sikio la mtoto, palepale alipokuwa nayo marehemu kaka yake. "Mbatize kwa jina lake lilelile."

"Mama, mwanangu wa kwanza yuko kwa Mungu. Tutaonana siku ya ufufuo. Huyu ni mdogo wake."

"Na hiyo alama ameazima kwa jirani?"

Nilishamvalisha mtoto sweta la marehemu, lile lenye doa la uji kifuani ambalo sijawahi kulifua. Hata mimi nilitamani awe yeye.

Mchungaji alichungulia mlangoni. "Tayari?"

Nilimvua mtoto sweta, nikaliweka mapajani mwa bibi yake. Nikambeba mwanangu kifua wazi hadi penye maji, nikataja jina ambalo halijaandikwa kwenye msalaba wa kaburi lolote.