Kushika Mkia

Kiti cha baiskeli kilikuwa kimeshushwa tena. Si sana, upana wa vidole viwili tu, lakini Fundi aliujua urefu wa miguu yake mwenyewe. Alichukua spana, akakipandisha, akakaza, kisha akawageukia wanawe.

"Nani anachezea baiskeli yangu?"

"Siyo mimi, Mama," alisema Kifungua Mimba.

"Mimi hata pedali sizifikii," alisema Kitinda Mimba, na hilo lilikuwa kweli.

Kutwa nzima Fundi alishinda dukani akitengeneza simu, shingo imeinamia skrubu ndogo mpaka inakakamaa. Mwaka uliopita alijaribu triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote kwa mfululizo. Alifanya mazoezi peke yake, amekunja uso kama anatumikia adhabu, akaacha kabla hata ya siku ya shindano. Mwaka huu aliwaingiza watoto, na nyumba ikageuka uwanja. Kifungua Mimba alipuliza filimbi bwawani. Kitinda Mimba alisimama kwenye kona ya mtaa na mpira wa maji, akimmwagia mama yake maji kila anapopita, na majirani pia, kwa bahati mbaya ya makusudi. Jioni walishindana sebuleni nani atavaa viatu vya mbio haraka zaidi. Kamba ziliwachelewesha, basi watoto wakazing'oa, wakaweka lastiki nyeusi kutoka kwenye kopo la vifungo la bibi yao. Walicheka mpaka mbavu zikauma. Fundi alikuwa hajacheka hivyo siku nyingi, na hakuwa tayari kunyang'anywa kicheko hicho na mtu yeyote.

Mtu yeyote, maana yake mama mkwe.

"Mwanamke mzima, nguo za kubana, unakimbia barabarani kama umeiba," mama mkwe alisema mezani. "Na kule kwenye mlima wa nyuma ya mahakama unasimama juu ya pedali kama unakanyaga udongo. Utakata pumzi, wewe."

"Pumzi ni yangu, Mama."

"Na aibu je, ni ya nani?"

Mume aliinamia sahani yake. Kati ya mama yake na mkewe, huyo bwana hakuwahi kuwa na mdomo.

"Haya, tukubaliane," mama mkwe alisema. "Ukishika mkia siku ya shindano, baiskeli inauzwa, na michezo hii iishe humu ndani."

"Na nisiposhika?"

"Nitafunga mdomo."

"Nimekubali," Fundi alisema kabla mumewe hajapata nafasi ya kukohoa. "Anza kuuzoesha mapema huo mdomo, Mama."

Mama mkwe alinyanyuka, akachechemea kwenda kliniki yake ya magoti. Siku hizi alikuwa haikosi. Alirudi amejitanda kichwa kizima, ananuka dawa, akala kwa wawili na kulala mapema kuliko watoto.

Asubuhi ya shindano, kumbe ilikuwa pia siku ya kliniki. Mume alisema lazima amsindikize mama yake.

"Leo?" Fundi aliuliza.

Mume alikuwa ameshafungua mlango. Ilimuuma Fundi, ilimuuma sana, lakini hakumbembeleza mtu. Alibeba vitu vyake, akaenda na watoto wake.

Ziwani watu walikuwa wamefurika, wote wamevaa kofia za aina moja na miwani ya kuogelea, hata wa nyumbani kwako usingemtambua. Fundi alitoka majini katikati ya kundi. Kwenye mlima alibaki amekaa kitini, kwa sababu ushauri ni ushauri hata ukitoka kwa adui, na pumzi zikamtosha. Kisha tairi la nyuma likapasuka. Mpaka anamaliza kuliziba, wote walikuwa wameshampita na barabara ilikuwa tupu.

Alimalizia sehemu ya baiskeli, akakimbia hivyo hivyo. Alikimbia kwa hasira, akiiona baiskeli yake ikitolewa getini na mnunuzi asiyemjua. Karibu na kona ya mwisho alimpita mtu mmoja tu, mwenye kofia pana ya jua iliyofunika uso, ameinama pembeni ya njia akifunga kamba za viatu. Alidhani ni mtazamaji. Hakumwangalia mara mbili.

Kwenye mstari wa mwisho watoto walimrukia. Fundi aliwakumbatia, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ili hata wasiohusika wasikie:

"Nimeshika mkia, sawa! Baiskeli iuzwe. Miguu hii haiuzwi, na kesho tunakimbia!"

"Nani kakwambia umeshika mkia?" aliuliza mwamuzi, macho yake bado barabarani. "Yuko mmoja hajafika. Tena alikuwa mbele yako muda wote. Sijui kimemkwamisha nini pale kwenye kona."

Wote waligeuka. Kofia pana ya jua ilikuwa inakuja, chini yake namba imebandikwa kifuani, na magoti yanapanda na kushuka bila kuchechemea hata kidogo. Pembeni mwa kamba za uzio mume alikimbia sambamba nayo, taulo begani, akipiga kelele kuliko uwanja mzima.

"Malizia, Mama! Malizia!"

"Bibi!" watoto walipayuka.

Mama mkwe alivuka mstari, wa mwisho kabisa, akavua kofia na kumtazama mkwewe. Alibana midomo yake kwa vidole viwili, maana makubaliano ni makubaliano, kisha akaketi kwenye nyasi na kunyoosha miguu.

Viatu vyake vilikuwa na lastiki nyeusi. Havikuwa na kamba hata moja ya kufunga.