Mshale wa Mafuta

Magari ya sasa hujiamulia yenyewe safari ipi itumie mafuta kiasi gani, na hakuna ajuaye yanapimaje. Nikienda sokoni, langu hulamba tu. Nikielekea Muheza kwa mama, hunywa kama aliyeshinda na saumu. Fundi Kibwana alibadilisha plagi, akasafisha chujio, akanirudishia funguo.

"Gari zima, dada. Labda ni huko unakokwenda."

Jumamosi asubuhi nilijaza tangi, nikatia sanduku langu la nguo, nikashika njia ya kwa mama. Mume wangu, Shemdoe, sikumwambia kwamba sirudi. Kabla sijafika Segera mshale ulikuwa chini kabisa.

"Sababu ya safari?" gari likauliza.

Watu husema msiba ndio pekee usiopimiwa mafuta. "Nakwenda msibani," nikasema.

"Pole, mama. Marehemu ni nani?"

Mama yangu yu mzima, anachambua mchele barazani kwake. Kumtaja ni uchuro. Ulimi ulikataa katakata. Nikataja jina langu mwenyewe.

"Zamda Shekilindi."

Mshale ukapanda mpaka juu. Nikacheka kama mwehu, nikakanyaga mafuta. Usukani ukaniponyoka, ukajizungusha, milango ikajifunga.

"Unanipeleka wapi?"

"Msiba wa mke huwekwa kwa mumewe," likajibu kwa upole. "Taarifa nimeshaituma."

Tulifika nyumbani tangi likiwa limejaa. Uani majirani walikuwa wanafunga turubai, na Shemdoe amekaa mkekani akipewa pole. Niligonga kioo kwa ngumi zote mbili. Hakuna aliyeinua macho.