Siku Roboti Alipokataa Kuanguka

Bati alisimama ndani ya vazi lake la roboti, jasho likimtiririka mgongoni, akisubiri zamu yake ya kuanguka.

Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Watazamaji wa tamthilia ile ya chombo cha angani walipoanza kupungua, mwongozaji aliingiza roboti wa kuchekesha aitwaye Bati, na wote wakamwita mwigizaji wake kwa jina hilo hilo. Tangu hapo, kila mara mtu alipolia mle chomboni, Bati alijikwaa akaanguka puu. Hata mazishi ya rubani hayakusalimika. Mitaani hakuna aliyemjua kwa sura, na studioni alikula peke yake, maana kulivua lile vazi ilikuwa shughuli.

Leo walirekodi kipindi cha mwisho. Nahodha, mzee aliyeigiza humo tangu ujana wake, alikuwa akikiaga chombo kitupu. Alishika usukani, machozi yakamtoka. Hakuwa akiigiza.

"Bati, anguka!" sauti ya mwongozaji ilimjia sikioni kwa redio. "Anguka sasa!"

Bati alimtazama mzee kupitia kitundu cha jicho. Akapiga hatua, akanyoosha mkono wake wa mpira, akamshika mkono.

Mwongozaji hakusema "kata" ili kamera zizimwe.

Mzee aliubana ule mpira mpaka vidole vya Bati mle ndani vikauma. Kisha akainama karibu na kofia ya roboti, akanong'ona.

"Samahani, ndugu yangu. Miaka yote hii sijakuuliza. Hivi jina lako la kweli nani?"

Na Bati, kamera zikiendelea, akamtajia.