Sukari ya Mzee Jamshid

"Kumi na nne nukta mbili."

Tharcisse alikisoma kipimo, akakitikisa kana kwamba kitabadili mawazo, akakisoma tena.

"Wali!" Mzee Jamshid alifoka kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. "Wali wa jana! Nilikwambia shayiri, wewe kichwa kigumu."

"Ulikuwa kidogo tu, mzee."

"Kidogo! Hata mlima ukiutazama kwa mbali ni kidogo."

Ilikuwa Januari 2011, katika nyumba moja ya Richmond Hill. Tharcisse, mhamiaji kutoka Uvira, alilipwa kumtunza mzee huyu wa Kiirani: kumwogesha, kumpikia, kumsukuma barabarani. Shule hakwenda nayo mbali, lakini namba za kile kipimo alizijua kuliko siku za kuzaliwa za wanawe. Baba yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo wa sukari, akafa wa pili umeanza kuoza.

Daktari alikuwa amesema wazi: miezi mitatu. Namba zikishuka, vidonge vinaendelea. Zisiposhuka, sindano kila siku. Tharcisse alikuwa ameosha vidonda, amebadili nepi za watu wazima, amefumba macho ya maiti. Sindano tu ndiyo iliyomtoa jasho.

"Vidonge peke yake havitoshi," mzee alisema. "Vita iko jikoni. Bibi yangu kule Shiraz aligawa vyakula mafungu mawili, vya moto na vya baridi, si kwa joto la jiko bali kwa asili yake. Lete mbegu za uwatu. Na mgonjwa hali peke yake. Sahani mbili."

Wali ukaondoka mezani, ikaingia supu ya shayiri. Siki juu ya saladi. Mtindi, na kwa kuwa mtindi ni wa baridi, nanaa kavu na kokwa za jozi za kuupasha. Kopo la vipande vya sukari, ambavyo mzee alizoea kuvibana menoni akinywa chai, lilipandishwa juu ya kabati. Chai ikanywewa kwa tunda moja kavu la forosadi. Walikula pamoja, wakikunja nyuso pamoja kwa uchungu wa uwatu.

Tharcisse hakutulia. Alifuta meza iliyokwisha kufutwa. Alifungua friji, akaifunga, akaifungua. Mkewe Générose alipiga simu kila asubuhi kutoka kiwandani, akimwita kwa jina la mtoto wao: "Papa Ella, leo ni ngapi?"

Kumi na moja. Tisa. Kumi na mbili, baada ya Tharcisse kuja na keki ya ubatizo, na mzee akatukana kwa Kifarsi mpaka shingo ikamwiva. Nane. Saba.

Aprili, daktari aliwaita ndani wote wawili. Alikunjua karatasi polepole mno. Tharcisse aliibana mikono ya kile kiti cha magurudumu mpaka vidole vikafa ganzi.

"Sita nukta tisa," daktari alisema. "Sindano hatuihitaji."

Tharcisse akaketi palepale sakafuni.

Mzee Jamshid alichomoa mfukoni kipande cheupe cha sukari, akakipuliza vumbi, akakibana menoni.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Sasa na mimi niache nile. Miezi mitatu nimetafuna uwatu kwa ugonjwa usio wangu."