Kiu Aliyowaachia Wenzake

Katika kikundi chao cha walioacha pombe, kiu ya mmoja iligawanywa kwa wote kupitia vidani walivyovaa, isimlemee mtu peke yake. Siku ya harusi ya bintiye, Mwanaidi alikivua chake. Alitaka kucheza bila kubeba kiu ya wenzake, akacheza hadi akatupa viatu.

Kesho yake kikundini, mke wa mwenzao Bwana Chande alikuja peke yake.

"Amerudia chupa," alisema. "Jana kiu ilimzidi, sijui kwa nini. Lakini ninyi mlimbeba vizuri. Mungu awalipe."

"Pole, dada," Mwanaidi alijibu, macho chini.

Jioni bintiye alimpigia simu. "Mama, harusi uliifurahia?"

"Sana, mwanangu," alisema, na ukweli huo ukamchoma.