Bi Pimbi Nyuma ya Mgongo wa Bi Nyati

Zamani, baiskeli zilipokuwa bado za wanyama, majike walishindana mbio. Bi Pimbi, mvivu mwenye maringo, aliapa kwamba wajinga ndio watakaomkingia upepo. Njiani akamwona Bi Nyati, mgongo mpana kama mlango, amefunga gunia la mahindi nyuma ya baiskeli.

"Mshamba huyu! Anakuja mashindanoni na gunia!" akacheka, kisha akajibanza nyuma yake, kichwa chini, akingoja kumpita mwishoni.

Bi Nyati akakata kona, naye akakata. Bi Nyati alipopunguza mwendo, Bi Pimbi akachomoka, akampita, akainua mikono kushangilia.

Mbele palikuwa na mashine ya kusaga na foleni ya wenye magunia.

"Mashindano yameishia huku?" Bi Pimbi akauliza.

"Mashindano gani, shoga?" Bi Nyati alisema akishusha gunia. "Kama huna mahindi, toka kwenye foleni."