Weupe wa Shati

"Picha zako zote kama umezipika kwa bizari ya manjano," Tausi alimtania Shaweji, mpiga picha. "Leo mume wangu umtoe na rangi yake."

"Leo skrini yenyewe inasahihishwa, dada." Shaweji alibandika kipima rangi kwenye kioo cha kompyuta. Skrini ikawaka nyekundu, ikawa kijani, ikawa buluu, kisha ikatulia. Akaifungua picha ya Makame, mume wa Tausi.

Tausi alisogea. Shati lilikuwa jeupe kama chaki. Ukuta ulirudi kuwa ukuta. Macho ya Makame tu ndiyo yalibaki manjano.

"Kifaa chako kimesahau hapo."

Shaweji alipima upya. Shati jeupe, macho manjano.

"Yasafishe basi, mdogo wangu. Si unabonyeza tu?"

Kidole cha Shaweji kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akakiondoa.

"Shemeji," alimwita Makame, aliyeketi kwenye kona yenye giza, "hebu njoo hapa mlangoni, penye jua."

Makame alikuja akicheka. "Mnataka nini tena? Mwenzenu nimechoka, wiki nzima hii."

Tausi alimshika kidevu, akakiinua kwenye mwanga, na kwa kidole gumba akavuta taratibu ukope wa chini.